Walinipeleka Shinyanga Kuota Jua

Mwaka ule tulikula michembe. Mtu akikutajia mwaka kwa hesabu nyingine mwache aende nayo. Sisi tuliuhesabu kwa tumbo. Ndege kwelea waliushukia mtama ukiwa bado na maziwa ndani ya punje, mahindi yakakauka yamesimama, na watu wote, kuanzia kwa kaka yangu kijijini Didia mpaka kwetu kambini Geita, wakarudi kwenye viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa juu ya mawe. Hiyo ndiyo michembe. Mwenye ng'ombe aliila kwa maziwa. Mwenye karanga alitwangia karanga. Asiye na kitu aliila kwa maji yaleyale yaliyoipika. Vita vya Wazungu vilikuwa vimekwisha, wanaume wa kurudi walikuwa wamerudi, na Uhuru ulikuwa bado maneno ya wenye redio.

Mwaka huohuo, wakati wa kipupwe, marafiki zangu wawili walinipeleka Shinyanga kuota jua. Ndivyo walivyosema, kuota jua. Na nililiota, sikatai. Lakini aliyekuwa akipelekwa si mimi, ni binti yangu. Mimi nilikuwa kapu tu la kumbebea. Walitaka abaki kule, akombolewe na mwanamume aliyemkana akiwa tumboni, nami nirudi Geita mikono mitupu. Nayaweka haya mbele kabisa ili anayesoma asicheke njiani kama nilivyocheka mimi, mjinga wa watu.

Geita wengine wanaijua kwa dhahabu. Mimi naijua kwa baridi. Kambi yetu ilikuwa kati ya vilima, na asubuhi za kipupwe ukungu ulishuka ukakaa juu ya mabati ya laini za wafanyakazi kama kuku anayeatamia. Mabati yalitoa jasho. Lilidondoka juu ya blanketi, juu ya unga, juu ya uso wa mtoto. Mume wangu, Muha aliyetoka Kigoma kufuata kazi ya mgodi, alirudi kutoka shimoni amelowa mpaka mifupani, na nguo zake zilikuwa hazijakauka hata alipozivaa tena. Kuni mbichi, moshi mtupu. Basi binti yangu, ambaye ndiyo kwanza meno ya utoto yalikuwa yanamng'oka, akashikwa na kifua. Kilimpigia filimbi akilala, na akiamka alikohoa mpaka akaitapika ile michembe yenyewe. Nilimsugua samli na chumvi. Nilimchemshia majani ya mpera. Nilimpeleka zahanati, dresa akampa dawa nyeupe ya maji. Chupa ikaisha, filimbi haikuisha.

Mtoto huyo hakuwa wa yule Muha. Nalisema bila haya, maana hata yeye hakuona haya kumwita mwanangu. Nilimzaa nyumbani kwa baba yangu, Didia, kabla ya ndoa. Aliyenipa mimba alikuwa kijana wa kijiji cha pili, mcheza ngoma, mabega kama mlango, aliyenikuta kwenye ngoma za mavuno akaniambia maneno ambayo sitayaandika. Tumbo lilipoonekana, baba yangu alinipeleka kwao pamoja na wazee, kama ilivyo desturi, ili nimtaje. Nikamtaja. Yule kijana akanitazama kama mtu anavyomtazama mbuzi wa jirani aliyeingia shambani mwake, akawaambia wazee, "Huyu mimi namwona leo." Mama yake akachukua ufagio, akafagia pale nilipokuwa nimepiga magoti. Nilikuwa bado nimepiga magoti.

Kwetu Usukumani mambo hayo yana njia yake. Mwanamume akiikubali mimba, ng'ombe hutembea. Akiikana, mtoto ni wa babu yake mzaa mama. Atakula kwake, ataolewa kutoka kwake. Lakini mlango haufungwi moja kwa moja. Yule mwanamume anaweza kurudi hata baada ya miaka, akaleta ng'ombe, akamkomboa mtoto na kumchukua jumla. Kinachotakiwa ni mama aseme kwa mdomo wake, mbele ya mashahidi: baba yake ndiye huyu. Asiposema, ng'ombe hawana pa kuingilia. Baba yangu alinieleza hivyo. Kisha akafa, na zizi likawa la kaka yangu.

Sasa hao marafiki. Mmoja alikuwa Mnyamwezi wa Tabora, Mwislamu, mke wa fundi cherehani wa kambini. Mwembamba, mpenda wanja, ulimi unakata kuliko mkasi wa mumewe. Aliniita shoga. Wa pili alikuwa Mzinza wa palepale, mke wa nyapara, tuliyemwita Mama Mapacha kwa sababu alikuwa nao, na kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa na mwili wa watu wawili. Tulipika pamoja, tulisukana, tulizikiana. Mnyamwezi ndiye aliyemkata kitovu mwanangu wa pili, ambaye hakuishi. Nisiseme kwamba hawakuwa marafiki. Walikuwa, ndiyo maana nina uchungu.

"Shoga, mtoto huyu anataka jua," Mnyamwezi aliniambia siku moja tukiwa bombani. "Hapa unamkausha kwa moshi kama samaki. Twende Shinyanga. Nina dada yangu kule, tumekua mtaa mmoja Tabora. Nyumba ya bati, uwanja mpana, ng'ombe wa maziwa nyuma ya nyumba. Siku chache tu, turudi."

"Na mume wangu atakula nini?"

"Michembe," akajibu Mama Mapacha. "Kwani wewe ukiwapo huwa anakula nini?"

Tulicheka mpaka ndoo zikafurika. Jioni nilimwambia mume wangu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Alimsikiliza mtoto akikohoa, akasema, "Nenda."

Tulipanda lori lililokuwa likirudi Mwanza tupu. Kwenye kivuko Mama Mapacha alijifunika kanga kichwa kizima, akasema tumwambie tukifika. Mnyamwezi akawa anamdanganya: "Tumefika, fungua." Akifungua anayaona maji, anapiga kelele, abiria wote wanacheka, na mwanangu anacheka mpaka anakohoa. Mwanza tulipanda treni ya kwenda Tabora, daraja la tatu, mbao chini ya makalio. Tulikula mayai ya kuchemsha na karanga. Kadiri tulivyoliacha ziwa nyuma ndivyo hewa ilivyokauka. Baada ya Malampaka nikaivua ile sweta kuukuu ya mume wangu niliyokuwa nimeivaa tangu kipupwe kianze. Nikaikunja, nikaikalia. Mama Mapacha akaninusa akasema, "Alhamdulillahi, hatimaye umeachana na Muha." Yeye alikuwa Mkristo, lakini neno hilo alilipenda.

Shinyanga ilikuwa jangwa. Silitumii neno kwa kupamba. Serikali ilikuwa imekatisha miti na vichaka, pori hadi pori, kumfukuza mbung'o anayeua ng'ombe. Mbung'o akaenda, kivuli nacho kikaenda naye. Ukisimama stesheni ulimwona mtu anakuja kabla hujajua ni mwanamume au mwanamke. Nchi tambarare, nyasi zimekuwa rangi ya simba, vumbi la kijivu linatembea peke yake kama mzee asiye na pa kwenda. Ulikuwa msimu wa pamba. Malori yalipita yamejaa, na manyoya ya pamba yalikuwa yamenasa kwenye minyaa kila mahali, ungedhani kondoo elfu wamepita wakikimbia. Na jua! Lilishika mgongo wangu likaukanda. Nilisimama palepale barabarani na mzigo kichwani, nikafumba macho. Nilikuwa sijajua kwamba nilikuwa na baridi mpaka ndani ya meno.

Mama mwenye nyumba alitupokea mlangoni kwa mikono yote. Alikuwa mtu mzima kuliko sisi, mnene wa kupendeza, sauti ya chini. Mumewe, alisema, ni mnunuzi wa pamba, yuko vijijini na mizani yake, atarudi akirudi. Jina la mumewe sikuuliza. Nani huuliza jina la mume wa mtu? Mumewe huyo ndiye yule mcheza ngoma. Marafiki zangu walijua. Mwenye nyumba alijua. Kaka yangu kule Didia alikuwa amekwisha kupelekewa habari. Ni mimi na mtoto tu tulioingia pale kama kuku wanaofuata mtama uliomwagwa.

Sitasema siku zile zilikuwa mbaya. Huo ndio ubaya wake. Asubuhi tulitandika mikeka uwanjani upande wa mashariki wa nyumba, tukakaa na miguu imenyooshwa, jua likitupanda kuanzia vidole. Mnyamwezi alitusuka mmoja mmoja. Mama Mapacha alilala chali kama kiboko, akasema akifa azikwe Shinyanga, maana huko Geita hata maiti inapata mafua. Tulikwenda sokoni bila haja ya kununua. Tulikuwa wanawake wa kambi, hatukuzoea kutembea bila ndoo wala mzigo wa kuni. Mikono yetu ilining'inia, hatukujua tuiweke wapi.

Na maziwa. Kila asubuhi mwenye nyumba alikamua mwenyewe, akaleta kibuyu kikiwa bado na povu, akasema, "Ya mtoto haya." Kwetu maziwa hupokewa kwa mikono miwili, umepiga magoti. Nilipiga magoti nikapokea. Sikufikiri. Mkono wa mtu aliyelelewa vizuri haufikiri. Mtoto alikunywa akaota masharubu meupe. Mwenye nyumba akamfuta kwa ncha ya kanga yake, polepole, kama anafuta kioo cha taa.

Siku moja mchana mtoto alisinzia mkekani. Niliinama nikaweka sikio kifuani pake. Kimya. Nikabadilisha sikio. Kimya. Hewa inaingia, hewa inatoka, kama kifua cha mtoto wa mtu yeyote. Nililia. Mwenye nyumba aliniona, akaja akakaa karibu nami, akasema, "Jua la huku ndiyo dawa yake, mdogo wangu. Akikaa huku, kifua hakitamrudia."

"Angekuwa na pa kukaa," nikasema.

Akaniambia habari zake. Ameolewa na yule mnunuzi muda mrefu, hajapata hata mimba ya kuharibika. "Mimi tumbo langu ni kibuyu cha kutundika ukutani," alisema. "Kizuri kukitazama, ukitikisa hakina kitu." Nilimshika mkono. Nilimwonea huruma kweli, na huruma hiyo mpaka leo sijui niifanye nini.

Kesho yake wenzangu walitoka ndani wamevaa kanga mpya, doti moja, kila mmoja kipande chake, nyekundu yenye maua meusi.

"Mmepata wapi?"

"Dada katupa," akasema Mnyamwezi.

"Na mimi?"

"Yako inakuja, shoga. Yako ni kubwa kuliko hizi."

Mama Mapacha aliinamisha kichwa akaanza kufunga mkanda ambao ulikuwa umefungwa tayari. Hapo ndipo ningejua, kama ningekuwa mtu wa kujua. Lakini jua lilikuwa limenilewesha.

Yule mwanamume alifika saa sita mchana, juu ya lori la pamba. Alishuka akakung'uta manyoya meupe kichwani. Kaptula ya kaki, soksi ndefu, tumbo limetangulia. Mabega yale yalikuwa yameteremka yakawa nyama tu. Nilimjua kwa jinsi alivyotembea. Mcheza ngoma akizeeka, miguu huwa ya mwisho kusahau. Sikusimama. Nilimvuta mtoto nikamketisha katikati ya miguu yangu.

"Umekuwa mama mtu mzima," akaniambia.

"Na wewe umepata macho," nikasema. "Siku ile ulikuwa hunioni."

Akacheka kama mtu anayekohoa. Akamtazama mtoto. Alimtazama kama wanavyotazama pamba mezani pale wanaponunua: rangi, uchafu, uzito. Akachuchumaa, akamwambia, "Njoo kwa baba."

Mtoto akaniuliza, "Mama, huyu ni baba wa nani?"

Nami nilisimama nikawageukia wenzangu. Mnyamwezi alikuwa amejiandaa.

"Shoga, usinitolee macho. Nisikilize kwanza. Mtoto huyu Geita atakufa. Utamzika wewe. Hapa ana jua, ana maziwa, ana bati, ana baba mwenye kazi. Kaka yako atapata ng'ombe. Wewe utazaa wengine na Muha wako. Kuna ubaya gani?"

"Umeniuza kwa kipande cha kanga."

"Sijakuuza, nimekutafutia heri!"

"Heri hiyo mbona uliificha chini ya mkeka? Kwa nini hukuniambia kule bombani?"

"Ningekuambia ungekuja?"

Swali hilo lilikuwa na jibu lake ndani, na yeye mwenyewe alilisikia. Mama Mapacha alikuwa ameshalia, anajifuta kwa ileile kanga nyekundu. "Mimi niliambiwa unajua," akasema. "Wallahi mimi niliambiwa unajua." Sikumwamini, na sikukataa kumwamini. Nilimwambia mwanamume yule neno moja mbele yao wote. Nilimwambia, "Mtoto huyu sikumwokota, na simgawi." Kisha nikaingia ndani kufunga mzigo.

Lakini treni ya kwenda Mwanza ilikuwa imepita siku hiyo. Na asubuhi, kabla haijafika nyingine, kaka yangu akaingia uwanjani na baiskeli.

Hakuwa peke yake. Alikuja na mwanangwa wetu, yaani mkuu wa kijiji chetu, na wazee wawili wa ukoo, wote na vumbi mpaka kwenye nyusi. Kaka alikuwa amekonda. Shati lilimning'inia kama limeanikwa. Nilimpigia magoti, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia "marahaba" akitazama juu ya kichwa changu, kule nyuma ya nyumba, walikokuwa ng'ombe. Majike wazuri, wenye migongo mipana. Niliyaona macho yake yakiwapapasa mmoja mmoja.

Walikaa barazani kwa mnunuzi, wakaletewa viti. Mimi nilikaa chini, mtoto mapajani. Mwanamume akaeleza: alikuwa kijana, alikuwa na hofu, damu ni damu, sasa ametengeneza maisha yake, anataka kumkomboa mtoto wake kwa desturi na si kwa wizi. Alisema vizuri. Kama nisingekuwepo siku ile ya ufagio, ningemwonea huruma.

Mwanangwa akanigeukia. Alikuwa mzee mkavu, ana ugoro kwenye kikopo cha risasi. "Binti," akasema, "umesikia. Na wewe unaijua sheria. Tuambie, baba wa mtoto huyu ni nani?"

Nikasema, "Mtoto huyu sikumwokota, na simgawi."

"Sikukuuliza kama unamgawa. Nimekuuliza baba yake."

"Ndiyo jibu langu."

Kaka yangu aliruka kutoka kitini. "Alimtaja! Zamani alimtaja, mbele ya baba! Wazee hawa walikuwepo!"

"Alimtaja, akakanwa," mzee mmoja akasema. "Neno lililokanwa limekufa. Ni lazima aseme upya."

"Basi na maziwa?" Kaka akanisogelea, kidole usoni. "Siku zote hizi mtoto amekunywa maziwa ya zizi la mtu huyu. Nani aliyapokea? Wewe. Vipi? Kwa mikono miwili, umepiga magoti. Mke wake yupo hapa, aseme. Kwetu hiyo ni nini kama si kukubali? Au huko kwenye mashimo umesahau sisi ni nani?"

Nilihisi jasho, na si la jua. Maana alikuwa na haki kidogo. Maziwa ya zizi kwetu si chakula cha kumpa mpita njia. Yananywewa na watu wa zizi hilo, na anayeyapokea kwa magoti amesema jambo hata kama hakufungua mdomo. Wale wazee walianza kutazamana. Wanawake wa Tabora hawayajui hayo, lakini yule mwanamume ni Msukuma. Yeye ndiye aliyemwagiza mkewe akamue, alete, apige hodi kwa unyenyekevu kila asubuhi. Ule ukarimu ulikuwa kamba.

"Niliyapokea kwa mwanamke aliyeniambia mimi ni mgeni wake," nikasema. "Mgeni wa kike na mwenyeji wa kike. Mwenye zizi hakuwepo. Hakunipa, sikupokea kwake. Kama maziwa yamemfanya mtoto kuwa wa mtu, basi muulizeni ng'ombe, ndiye baba."

Mzee wa pili alicheka, ugoro ukamwingia vibaya, akapiga chafya mpaka machozi. Hata mwanangwa alificha mdomo. Kaka yangu hakucheka. Alichuchumaa mbele yangu, na sauti ikamshuka, na hiyo ndiyo iliyoniumiza kuliko kidole.

"Dada," akasema. "Watoto wangu wanakula michembe kwa maji. Mdogo wao miguu imevimba. Zizi la baba limeota nyasi, umeliona? Hujaliona, hufiki. Mimi sikuombi umuue. Nakuomba umtaje mtu. Jina moja tu."

Nilimtazama yule kaka yangu. Ndiye aliyenibeba mgongoni kuvuka mbuga zikijaa maji. Miguu ya mtoto wake ilivimba kweli, nilikuja kusikia. Nikasema, "Mtoto huyu sikumwokota, na simgawi."

Mwanangwa alifunga kikopo chake. "Mdomo wa mama ndio lango," akasema. "Lango limefungwa. Ng'ombe wabaki walipo."

Kaka yangu alishika baiskeli yake. Bila kunitazama aliniambia, "Ukifa, usiletwe Didia. Moto hatutakupa, maji hatutakupa, na yowe lako hatutalisikia." Akaondoka akiisukuma baiskeli; hakuipanda. Nilitazama mgongo wake muda mrefu, maana nchi ile haina mti wa kumficha mtu. Alitimiza neno lake. Watoto wake waliishi, nashukuru, lakini walikua bila kuniita shangazi. Na yeye alipokufa habari zilinifikia kwa mpita njia, arobaini imekwisha. Sikwenda. Kwenda wapi?

Mimi na wenzangu tulirudi wote Geita, tutaenda wapi tena, waume zetu walikula kwa mgodi mmoja. Tuliishi laini moja miaka mingi. Tulichota maji bomba moja. Nilikuwa nikimwona Mnyamwezi anakuja, ninageuza ndoo, ninampisha achote kwanza, kimya. Mama Mapacha alijaribu kunisalimia kila sikukuu ya Krismasi mpaka akahama. Kifua cha mtoto kilirudi na kipupwe cha pili. Leo binti yangu mwenyewe ni bibi, ana wajukuu wanaomvuta nguo, ana shamba lake, ana mdomo kama wangu. Na kila Juni filimbi ile bado inapiga, naisikia hata akiwa chumba cha pili. Mnyamwezi alikuwa na haki kuhusu jua. Alikuwa na haki, na sikumsamehe. Mtu anaweza kuwa na haki na bado akawa ameiba.

Wale wenye elimu wakisoma hapa watasema bibi huyu ana moyo wa jiwe. Na waseme. Mimi shule yangu ilikuwa fupi kama mkia wa mbuzi. Lakini aliyefagiwa kwa ufagio ni mimi. Wao walikuwa wapi?

Siku ileile ya kikao cha wazee, baada ya wanaume kutawanyika, nilimbeba mtoto mgongoni na mzigo kichwani nikaenda stesheni. Wenzangu walifuata kwa mbali. Jua lilikuwa kali, reli zinameta, pamba imeshonwa kwenye magunia makubwa inasubiri mabehewa. Nilikaa juu ya mzigo wangu. Nikamwona yule mama mwenye nyumba anakuja, peke yake, anatembea haraka kuliko mwili wake ulivyoweza. Mkononi alikuwa na kibuyu.

Nilidhani ananiletea maneno ya mumewe. Hakuwa nayo. Alikiweka kibuyu chini, na pale pale mbele ya makuli na abiria na wenzangu, mwanamke mzima aliyenipita umri akanipigia magoti vumbini.

"Mdogo wangu," akasema. "Achana na mume wangu. Achana na ng'ombe. Usimtaje mtu. Niachie mimi tu, mpaka kipupwe kiishe, kifua chake kipone. Nitakuletea mwenyewe, kwa miguu yangu, mpaka Geita. Usiponihurumia mimi, mhurumie yeye. Sikiliza, hakohoi. Msikilize."

Nilimsikiliza. Hakuwa anakohoa. Alikuwa amelaza shavu mgongoni kwangu, anapumua taratibu, na mkono wake mmoja umening'inia kuelekea kile kibuyu.

Treni ikapiga honi kutoka upande wa Isaka. Mama yule alinishika miguu, akalia bila sauti, mdomo wazi. Hakuna mtu aliyewahi kunipigia magoti kabla ya siku ile, wala baada yake. Nilimshika mabega nikamsimamisha, nikamkung'uta vumbi kwenye kanga, maana sikutaka aonekane hivyo na watu. Kisha nikamwambia.

"Mtoto huyu sikumwokota, na simgawi."